Naomba ushauri: gari dogo la viti saba kwa familia ya Mtwara inayokwenda Newala kila mwezi

MwalimuWaChuno

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara mjini na ninaishi Chuno pamoja na mume wangu, watoto wetu wanne na mama mkwe, ambaye tangu mwaka juzi magoti yanamsumbua kiasi kwamba hawezi kupanda ngazi za basi bila kushikwa mikono yote miwili. Kwa hesabu hiyo tuko saba, na sote saba husafiri angalau mara moja kwa mwezi kwenda Newala, ambako tuna shamba la mikorosho na nyumba ya familia, na ambako mama hakubali kukosa hata mwezi mmoja kwa sababu anaamini kwamba nyumba isiyofunguliwa na wenyewe itafunguliwa na mchwa.

Kwa sasa tuna Vitz, kigari cha watu watano. Mume wangu hutangulia nayo pamoja na mama na wadogo wawili, nami hupanda basi na wakubwa wawili, mmoja wa miaka kumi na mitano na mwingine wa kumi na mitatu. Mara moja tu tulijibana wote saba humo ndani. Trafiki alitusimamisha kabla hatujafika Naliendele, na sikuwa na neno la kumjibu kwa sababu alikuwa na haki.

Malipo ya korosho ya msimu huu yamekwisha kuingia, na tukiuza Vitz na kuongeza akiba yetu tunaweza kufikia shilingi milioni 20, ikiwa ni pamoja na bima na matengenezo ya mwanzo. Magari tunayoyafikiria ni Toyota Sienta, Toyota Wish na Toyota Isis. Ua wetu ni mfupi, hauzidi mita tano, na upande mmoja una ukuta wa jirani, kwa hiyo mlango unaofunguka kwa kuteleza unanivutia sana. Ninaomba kila atakayejibu aniambie kama amewahi kupakia watu saba kweli katika gari analolisifu, si watu wanne na mikoba mitatu.

Bahari_Shangani

Dada mwalimu, kwa watu saba nunua Noah na suala liishe. Kichwa cha abiria hakigusi paa, mlango unateleza, na safu ya tatu mtu mzima anakaa kama mtu. Hivi vigari vya mita nne vilitengenezwa kwa ajili ya familia ndogo za mijini kule Japani, ambao viti vya nyuma huvikunjua siku bibi na babu wanapowatembelea.

MwalimuWaChuno

Ndugu yangu, Noah tumeipima. Inaingia uani, lakini ikishaingia hakuna nafasi ya kupita na ndoo ya maji, na injini yake ya lita mbili mume wangu haitaki kwa safari za kila siku za kupeleka watoto shule. Ninakubali kwamba ingekuwa na raha zaidi.

FundiChikongola

Mwalimu, nimetengeneza magari yote matatu uliyoyataja, na mawili kati yake nimewahi kuyamiliki, kwa hiyo nitaeleza ninayoyajua kwa mikono yangu.

Sienta ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2015, ina injini ya 1NZ-FE ya cc 1496. Injini hii ni ndugu wa zile zilizomo katika IST, Raum, Probox na Spacio ndogo, na maana yake kwa mtu wa Mtwara ni kwamba spea zake hutaziagiza Dar es Salaam na kusubiri basi la usiku, kwa sababu kila duka la spea mjini hapa linazo. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na ukiibadilishia oili kwa wakati itakuzika wewe kabla hujaizika yenyewe. Tatizo la Sienta si injini, ni giaboksi na milango. Zile zinazovuta kwa magurudumu ya mbele zina giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na hatua za gia, ambayo oili yake si ile ya giaboksi za otomatiki za kawaida, na nimeona zaidi ya gari moja likiletwa gereji linatetemeka wakati wa kuondoka kwa sababu tu mtu alimwaga humo oili yoyote nyekundu aliyoikuta dukani. Zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne zina giaboksi ya kawaida ya gia nne. Ni ngumu zaidi, lakini gari ni zito zaidi na linakula mafuta zaidi.

Ama milango ya kuteleza, ipende lakini uiogope. Ile ya umeme huvutwa kwa waya na mota iliyofichwa ubavuni. Mchanga wa huko Newala ukijaa katika reli, mota hulazimika kuvuta zaidi ya uwezo wake, waya hulegea au kukatika, na siku hiyo mama mkwe wako atabaki ndani ya gari akiwasubiri. Safisha reli kwa brashi kavu kila mkirudi safari. Usipake grisi nyingi, kwa maana grisi ndiyo inayokamata mchanga.

Wish ni gari zuri la barabarani, limetulia katika mwendo kuliko Sienta, ila milango yake ni ya kufunguka nje kama gari dogo la kawaida, na tumbo lake liko chini. Wish ya kwanza, ya 2003 hadi 2009, ina injini ya lita 1.8 ya 1ZZ-FE au ya lita mbili ya D-4. Hiyo D-4 iogope kama ukoma. Petroli inaingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na ninyi mtakuwa mnajaza mafuta popote mtakapoyapata. Isis za lita mbili za miaka ya mwanzo zina injini hiyo hiyo. Ukitaka Isis, tafuta ya lita 1.8.

Halafu hesabu viti mwenyewe kwa kidole. Ziko Wish za viti sita, hasa zile za toleo la Z, ambazo safu ya kati ina viti viwili vilivyoachana. Na ukikutana na Sienta ya kizazi cha pili iliyoandikwa Funbase, hiyo ina safu mbili tu, hata kama dalali atakuapia kwa jina la baba yake.

MkulimaTandahimba

Fundi amesema kweli kuhusu mchanga, lakini ninaona wengi wanamtisha mwalimu kuhusu mlima bila sababu. Anayetoka Mtwara kwenda Newala kwa njia ya Mnivata na Tandahimba haupandi mlima wa kutisha, kwa sababu uwanda wa Makonde umeinuka taratibu kutoka upande wa bahari. Ukuta mkali uko upande wa Masasi. Akizoea kupita Masasi kwa kufuata lami, hapo ndipo gari la cc 1500 lenye watu saba litakapolalamika, hasa likiwasha kiyoyozi.

Kwa njia yetu tatizo ni sehemu ya chini ya gari. Kuanzia Mnivata kwenda mbele hali hubadilika kadiri ujenzi wa lami unavyoendelea, na palipo na mchepuko pana mchanga wa kuzama, tena wakati wa masika udongo ule mwekundu huwa kama sabuni. Mimi nina Spacio ya viti saba, ndogo kuliko hata Wish, na tunapanda saba tukiwa na watoto. Ninachokifanya ni kufunga ngao ya bati chini ya sampo, na kuacha tamaa ya kubeba gunia. Gunia moja la korosho ni sawa na mtu mzima wa nane, na huyo wa nane anakaa nyuma kabisa, mahali ambapo springi ziko dhaifu. Korosho ziende na gari la chama cha msingi cha ushirika, ninyi mwende na gari lenu.

Jambo moja zaidi. Gari lililotoka Japani mnadani huwa na karatasi ya mnada yenye daraja, na herufi R humo huonyesha kwamba liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Sisi wa korosho hatuhitaji kufundishwa maana ya daraja. Muuzaji akikuambia karatasi imepotea, mchukulie kama karani wa ghala anayekuambia kwamba stakabadhi yako imepotea.

KijanaWaForodha

Mwalimu, kwa kuwa wengi watakushauri uagize mwenyewe, ninaomba niongeze hesabu ya kodi, ambayo watu huikosea kila siku. Kati ya Sienta ya cc 1500 na Wish ya cc 1800 hakuna tofauti ya kiwango cha ushuru wa bidhaa, kwa sababu injini zinazozidi cc 1000 lakini hazizidi cc 2000 ziko katika kundi moja. Kinachopandisha kodi ni thamani ya gari kama mamlaka inavyoitambua, na umri wake. Gari lililopita miaka minane tangu kutengenezwa linalipiwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na likipita miaka kumi kiwango kinaongezeka tena. Sienta ile ya zamani, inayoonekana rahisi sana katika tovuti za Japani, iko katika kundi hilo la mwisho, na ndiyo maana mtu huona bei ya kule ni ndogo kisha akashtuka akiona kodi imelingana na bei au imeizidi.

Kabla hujatuma hata shilingi moja, ingia katika kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, weka aina, mwaka na ukubwa wa injini, uone jumla. Kisha ongeza gharama za bandari, wakala, usajili, na mafuta ya kulitoa Dar es Salaam hadi kwenu, kama kilomita 560 hivi. Kwa bajeti yako, nikiwa muungwana ambaye pengine ninajinyima kazi, ninakushauri utafute gari lenye namba za usajili za herufi D za mwishoni au E, yaani lililosajiliwa nchini miaka ya karibuni, lililokwisha kutumika hapa nchini na mtu mmoja, utakayeweza kumwona na kumuuliza.

MstaafuLindi

Nimeendesha magari ya serikali kwa miaka mingi kati ya Lindi, Nachingwea, Liwale na Mtwara, na sasa nina Sienta ya 2010 yangu mwenyewe, kwa hiyo ninajibu swali ambalo mwalimu ameliuliza vizuri na wengi wamelikwepa. Nimepakia watu saba, watu wazima watano na watoto wawili, kutoka Lindi hadi Dar es Salaam kwa ajili ya harusi. Tulifika. Lakini mwalimu ajue kwamba safu ya tatu ikikunjuliwa, nyuma hakubaki mahali pa kuweka zaidi ya mikoba miwili ya shule, na madumu, vikapu na ndizi vyote vilipanda juu kwenye keria, jambo ambalo lilifanya gari liyumbe kila lori lilipotupita. Lilikunywa lita moja kwa kilomita kama kumi na mbili. Nikiwa na mke wangu tu hufika kumi na nne.

Gari likiwa na watu saba linahitaji mkono mwingine wa kuliendesha. Breki huchelewa, matuta ya vijijini lazima yaingiwe karibu kwa kusimama, na shinikizo la upepo katika matairi ya nyuma liongezwe kama kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza kwa mzigo kamili. Masika msijitie ushujaa. Mnakumbuka Mei 2024, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga. Nilikuwa miongoni mwa waliogeuza, na hakuna mtu anayelaumiwa kwa kulala Nangurukuru.

Kwa watoto, kumbuka kwamba hapa kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa kuteleza wa kulia unafungukia barabarani. Sienta ina kitufe cha kufuli ya mtoto ukingoni mwa mlango wa nyuma. Kifunge cha kulia siku ya kwanza na ukisahau.

Bahari_Shangani

Mzee wangu, mbona hujasema mtu mzima aliyekaa safu ya tatu alijisikiaje?

MstaafuLindi

Alikuwa shemeji yangu, na hadi leo hajaacha kulisema.

DadaMikindani

Mwalimu, mimi nina Isis ya lita 1.8, na ninashangaa hakuna anayeitetea. Upande wa kushoto hauna nguzo katikati. Ukifungua mlango wa mbele na kutelezesha wa nyuma, ubavu wote unabaki wazi, na marehemu bibi yangu alikuwa akiingia na kiti chake cha magurudumu kikisogezwa hadi pembeni ya siti. Kwa mgonjwa wa magoti sijaona gari dogo linaloizidi. Kasoro yake ni kwamba mlango ule ni mzito na raba zake zikichoka vumbi linaingia, tena vioo na vitu vya bodi si rahisi kuvipata hapa kama vya Sienta. Taa moja ya nyuma niliisubiri wiki tatu. Sisi tunaoishi karibu na maji ya chumvi tuna adui mwingine, kutu, kwa hiyo gari lolote utakalolitazama chuchumaa uangalie chini, hasa kama ni lile la kuvuta magurudumu yote, kwa kuwa mengi ya hayo yalitumika sehemu za theluji ambako barabara humwagiwa chumvi.

MwalimuWaChuno

Ninawashukuru sana nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jibu na si na swali jingine. Jumamosi tulifanya jambo ambalo mume wangu alilicheka mwanzoni: tuliomba Sienta ya jirani, Wish ya mwalimu mwenzangu, na tukaenda kutazama Isis katika yadi moja hapa mjini, familia nzima tukiwa saba, na katika kila gari tulikaa robo saa milango ikiwa imefungwa.

Mambo mawili yalitushangaza. La kwanza ni kwamba mjadala wote wa mlango wa kuteleza kwa ajili ya mama haukuwa na msingi, kwa sababu mama hataki kukaa nyuma. Anataka kiti cha mbele, ambako anaona barabara na ambako miguu inanyooka. Na kwenye kiti cha mbele kilichoamua si mlango bali urefu wa siti kutoka ardhini. Katika Wish alilazimika kujishusha chini kama anayekaa kwenye kigoda, na kutoka ilibidi tumvute. Katika Sienta siti ililingana na nyonga yake, akakaa kwanza, kisha akazungusha miguu ndani mwenyewe, bila mkono wa mtu. Isis nayo alikaa vizuri, lakini ile ya yadi ilikuwa ya lita mbili ya D-4, na maneno ya fundi yalikuwa bado yanalia masikioni mwangu.

La pili ni kuhusu safu ya tatu. Wakubwa wangu wawili hawafai kukaa huko katika gari lolote kati ya hayo. Magoti yao yalifika kidevuni, ingawa Wish ilikuwa na nafuu kidogo. Wadogo, wa miaka tisa na sita, walikaa wakicheka na hawakutaka kutoka. Kwa hiyo mpangilio ni mume wangu na mama mbele, mimi na wakubwa wawili katikati, na wadogo nyuma. Nimehesabu kwamba mpangilio huu utadumu miaka mitatu, labda minne, kisha mkubwa atakuwa ameondoka kwenda chuo na tutabaki sita.

Mlango wa kuteleza basi ni kwa ajili ya ua wetu na ukuta wa jirani, na hiyo kwangu ni sababu tosha.

Tumeonyeshwa Sienta ya 2012 yenye namba E, ya mama mmoja anayehamia Dodoma, anaomba milioni 16 na nusu. Ni ya CVT. Mlango wa kushoto ni wa umeme na unafanya kazi, ingawa unalia kidogo. Je, fundi, kuna sababu ya kuliacha tutafute la kizazi cha pili, lile la kuanzia 2015, au hata la haibridi, linalotumia petroli na umeme?

FundiChikongola

Kizazi cha pili ni kizuri na kimenyooka zaidi kwa ndani, lakini kwa fedha yako utapata lililochoka, na lililochoka la kizazi kipya ni ghali kulitengeneza kuliko lililotunzwa la kizazi cha zamani. Haibridi sikukatazi kwa ubaya wake. Betri yake kubwa hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, na gari linalokula vumbi la Newala kila mwezi, pamoja na watoto wanaotupa maganda ya karanga chini ya siti, litaziba tundu lile kabla ya mwaka. Anayeweza kulisafisha mara kwa mara alinunue. Wewe una wanafunzi wa kusahihishia madaftari.

Kulia kwa mlango kunaweza kuwa roli zilizokauka, na hilo ni jambo dogo, au waya unaoanza kuchanika, na hilo si dogo. Nitafungua nione. Muulize mama huyo oili ya CVT ilibadilishwa lini na kwa oili gani. Akikuonyesha risiti, mwongezee heshima, akisema haijawahi kubadilishwa, punguza laki tano na utenge hiyo hiyo kwa kazi hiyo. Tutaliendesha tukiwa watu saba, si wewe na mimi tu, tupande nalo kilima, tusikilize kama linatetemeka au kuvuma.

MkulimaTandahimba

Na mshokapu ya nyuma, fundi.

FundiChikongola

Ya nyuma yote mawili pamoja na bushi zake yabadilishwe hata kama hayavuji, mzee wangu, kwa sababu aliyekuwa nalo alikuwa peke yake na mwanawe mmoja.

Mwalimu, mwambie mwenye gari kwamba tutafika Jumapili saa moja asubuhi, na umwombe kwa upole asiliwashe kabla sijafika. Ninataka kuliwasha mimi likiwa baridi.